Mtu Aliyeitikia Jina la Nyuki

6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za huku nyumbani. Mimi mzima, ila miguu inalalamika kwa kusimama mbele ya tanuri. Kiwandani walileta mashine mpya ya kukanda unga. Imekufa kabla hatujaizoea, tumerudi kwenye mikono. Mama anakusalimu sana. Jicho la kushoto limekuwa ukungu mtupu, la kulia linaona mwanga na vivuli, lakini ulimi wake haujaingiwa na ukungu wowote. Juzi alimwambia mjomba kwamba viatu vyake vipya vinalia kama bata aliyekanyagwa. Mjomba alinuna mpaka alipoletewa chai.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu haifai. Unajua kuta za nyumba yetu zilivyo, mtu akipiga chafya jikoni anaombewa afya chumbani. Na sasa nyumba imepata masikio mapya.

Kaka amerudi. Au niseme hivi: kuna mtu sebuleni anayeitikia jina la kaka.

Nilikuwa kazini. Mama alisikia hodi, akaenda kufungua mwenyewe kwa kupapasa ukuta. Anasema alisikia pumzi za mtu, akamshika mkono wa koti, akajua. "Nyuki, umekuja," akamwambia. Niliporudi, unga bado uko kichwani, niliwakuta kwenye kochi. Mama amemng'ang'ania, machozi yanamtiririka, na yule mtu amekaa ukingoni kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Aliponiona akasimama. Akasema, "Dada."

Wewe ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule Nyuki alipoondoka kwenda kwenye machimbo ya mawe, kwa hiyo sikulaumu ukiwa humkumbuki. Lakini mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nilipaswa kumjua kwa kumtupia jicho moja tu. Nimemtazama wiki nzima, na uso wake unakubali na kukataa hapo hapo. Kuna ndevu, kuna makovu ya mawe, kuna miaka. Nyuki alitumia mkono wa kushoto. Huyu anatumia wa kulia, lakini ule wa kushoto umebaki na vidole viwili, anasema mashine ilichukua vingine. Anajua baba alivyoteleza kwenye paa akitengeneza bati, akaangukia rundo la nguo chafu, akatoka humo akicheka. Anajua mbwa wetu alivyotafuna kitabu cha nyimbo. Lakini hakuniita Kijiko. Kaka hajawahi kuniita dada tangu nizaliwe. Nilikuwa mwembamba, kichwa kikubwa, akaniita Kijiko mpaka siku aliyoondoka.

Mama haulizi kitu. Mjomba ameshahukumu: ni tapeli, waitwe polisi. Mimi niko kama nguo kwenye kamba, upepo huku, upepo kule. Wewe ndiye uliyesomea kukadiria mambo yasiyojulikana. Nipe jibu moja, Bwana Makadirio: ni yeye au siye?

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni. Mvua huku haikatiki, soksi zangu nazikausha juu ya mashine ya kuchapia hapa ofisini na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu wenzangu wanafanya hivyo hivyo. Nina afya. Msalimie mama, mwambie ile sweta bado inanitosha. Kazini tuko kwenye mto ule ule, tunakadiria maji yanaweza kupanda mpaka wapi, ili wanaojenga daraja wajue waliinue kiasi gani. Mkuu wangu naye anataka jibu moja. Mngeelewana sana.

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Huyu mtu simpendi. Sijamwona, kwa hiyo chuki yangu usiihesabu kuwa ushahidi.

Watu wengi wasipojua husema nusu kwa nusu, wakaona wamejibu. Hebu fikiria sarafu mbili. Moja umeirusha tangu utotoni, unajua haina upendeleo. Nyingine umeikuta mfukoni mwa mcheza kamari usiyemjua. Ukiulizwa nafasi ya kila moja kuangukia kichwa, utasema nusu kwa zote mbili? Ya kwanza ni nusu kweli. Ya pili hujui, na kutojua si nusu. Huyo mtu wako ni sarafu ya pili. Kwa hiyo sikupi namba moja, nakupa mbili: nafasi kwamba ni Nyuki si chini ya mbili katika kumi, wala si juu ya nane. Najua umeshasonya. Lakini pengo la katikati ndilo ujinga wetu, na ujinga ukifichwa ndani ya namba moja unageuka uongo.

Hata hivyo unaweza kutenda. Usijiulize unaamini nini, moyo ukiulizwa hivyo hujibu unachokipenda. Jiulize ungekubali kuweka dau gani. (Neno hilo lisimfikie mama. Akijua amenisomesha nikaishia kwenye kamari, hatanisamehe.) Kumpa godoro sebuleni: akiwa ndiye, umempokea kaka, akiwa siye, umepoteza shuka na usingizi. Dau hilo ningelichukua hata kwa ile mbili ya chini. Kumwachia mama kutwa nzima: akiwa siye, kinachopotea hakirudi. Hilo nisingelichukua hata kwa ile nane. Kumfukuza leo: akiwa ndiye, mama anampoteza mwanawe mara ya pili, na aliyemfukuza ni wewe. Hilo pia silitaki. Kwa hiyo humwamini na humfukuzi, na mambo hayo mawili hayagombani. Mwerevu hachagui upande katika kila dau analowekewa mbele. Mengine anayaacha mezani, hachukui huku wala kule, mpaka ajue zaidi.

Lakini mbona hakuna aliyetaja kipimo cha damu? Hospitali wanafanya.

Kuja sitaweza kwa sasa. Kazi imebana.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote tupo. Mashine ya kukanda ilitengenezwa, ikafanya kazi siku ya ukaguzi, mkaguzi alipotoka getini ikafa tena. Mjomba anaumwa mgongo na anasema ni kwa sababu ya mawazo ya nyumba yetu.

Kipimo cha damu nilikitaja mezani, wote wakiwepo. Mama aliweka kikombe chini. "Mwanangu hapimwi kama unga," akasema. Nikamtazama yule mtu. Naye akasema, macho sakafuni, "Mimi nitapimwa, mama akitaka." Maneno hayo nimeyageuza mbele na nyuma. Hivyo ndivyo anavyosema mtu asiye na cha kuogopa. Ndivyo anavyosema pia mtu anayejua kwamba mama hatataka.

Unaniambia nisimwachie mama kutwa nzima. Asante sana. Nani akae naye, wewe? Alfajiri niko kiwandani, na yule dada wa jirani aliyekuwa akimtazama ameolewa ameenda zake. Huyu mtu ndiye anayemwongoza bafuni, anayemtia dawa ya matone, anayemwosha miguu na kumkausha katikati ya vidole kwa upole ambao mimi, nikitoka kazini nimechoka, sina. Ananitia hofu kwa jinsi anavyofanya vizuri. Mtu anamhudumiaje hivyo mama asiye wake? Na mtoto wake wa kweli alinyamazaje miaka yote hii?

Kwa hiyo nimefanya nilivyoweza. Hati za nyumba nimezifungia kabatini, ufunguo natembea nao ndani ya kiatu, nimepata sugu. Mama aliniuliza uso kwa uso: "Mwanangu, ni kaka yako au siye?" Nikamjibu, "Ndiye, mama." Jioni hiyo mjomba akaja ameshashika simu awaite polisi, nikamvuta pembeni nikamwambia, "Siye, lakini nipe muda nimtoe mwenyewe bila kelele." Sasa nimeahidi huku na nimeahidi kule.

Na wewe, kuna harufu ninayoinusa kutoka kwako. Hujanipa sababu hata moja ya kutokuja isipokuwa kazi. Akiwa ndiye, nyumba imepata mwanamume, na hakuna atakayekuuliza tena utarudi lini. Sisemi ndivyo. Nasema ningeweka dau dogo.

Dada yako

8 Aprili

Dada, shikamoo.

Mgongo wa mjomba nimeusikitikia. Huku mvua imepungua. Nimehama chumba, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Ni kwa fundi viatu, yeye hunipokelea barua.

Nianze na ahadi zako mbili, kwa sababu hizo zimeninyima raha. Katika kazi yangu kuna sheria chache, na zinaeleweka hata na mtoto. Mojawapo ni kwamba madau unayoyakubali moja moja, uwe tayari kuyabeba yote kwa pamoja. Nyingine ni kwamba usikubali kamwe dau lisilo na upande wa kushinda. Sasa chukua ahadi yako kwa mama na ahadi yako kwa mjomba uziweke pamoja. Akiwa ndiye, umemdanganya mjomba na umeahidi kumtoa kaka yako. Akiwa siye, umemdanganya mama. Iwe iwavyo, unapoteza. Kila ahadi peke yake ilionekana ya busara siku ulipoitoa, lakini zote mbili ni hasara ya uhakika. Rudisha mojawapo. Mwambie mama "sijui". Ni neno gumu lakini halidaiwi baadaye.

Pili, ushahidi. Vidole vilivyokatika havisemi lolote. Usivilazimishe viseme, si kwa upande wake wala dhidi yake. Kuhusu baba kwenye paa na mbwa na kitabu, nimefikiri sana. Hizo ni hadithi, dada. Hadithi husafiri. Mtu akikaa na Nyuki machimboni atazisikia zote, pengine mara nyingi kuliko alivyotaka. Muulize mambo ya kipuuzi, yale ambayo hakuna mtu anayejisumbua kumsimulia mwenzake. Muulize dirisha gani lilikuwa halifungi. Muulize vijiko vilikaa wapi, na nani alilala upande wa ukuta. Upuuzi hausafiri.

Kuhusu harufu unayoinusa. Nami nina pua. Akiwa ndiye, kuna wa kubeba beseni na wa kumwongoza mama bafuni, na wewe unapata kulala. Sikulaumu. Lakini usinipe makadirio yaliyoandikwa na miguu yako iliyochoka.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Maneno yako ya mwisho niliyasoma kiwandani, nikachoma sinia nzima ya mikate. Mama mzima. Mjomba amepona mgongo, sasa ni goti.

Ulisema kweli kuhusu miguu yangu. Yaishe.

Nimefanya ulivyosema, nusu yake. Kumwambia mama "sijui" nimeshindwa. Kila nikikaribia, ananiuliza kama Nyuki ameshakula. Lakini upuuzi nimeuliza. Tulikuwa tunaosha vyombo, nikasema kama mtu anayejiongelesha, "Hivi lile dirisha lililokuwa halifungi ni lipi?" Akasimama na kikombe mkononi. "La jikoni?" akasema, kwa kuuliza. Lilikuwa la chumba chenu, umelala chini yake miaka yote na mafua yako. Nikamuuliza nani alilala upande wa ukuta. Akasema amesahau. Akanitazama, dakika ile nikaona kwamba anajua ninachofanya. Hakukasirika. Akaendelea kuosha.

Kwa hiyo shusha namba zako. Mimi nimezishusha.

Lakini sikia hili. Wiki iliyofuata, yeye mwenyewe akaleta habari kwamba kuna daktari wa macho hospitali kuu anayeondoa mtoto wa jicho. Amekwenda huko kwa miguu, amepanga foleni, amechukua tarehe. Mama alikuwa anakataa kisu tangu baba yuko hai. Huyu amemkalia, asubuhi "mama, macho", jioni "mama, macho", mpaka amekubali. Jicho la kulia, mwezi wa nane. Mimi nilidhani atakimbia siku nitakapotaja daktari, na sasa ni yeye anayemvuta mama kwenye mwanga. Tapeli gani anampeleka shahidi akafunguliwe macho? Nimekosa pa kushika.

Na jambo jingine. Barua zako za zamani zilikuja kwenye karatasi nzito yenye nembo ya ofisi. Hii ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, muhuri wa posta ni wa mji mwingine, na barua zako zinapokelewa na fundi viatu. Umenifundisha kutilia shaka, sasa ngoja nikulipe. Ningekubali dau kwamba bado uko kwenye ile ofisi? Nisingekubali. Ningekubali kinyume chake? Leo, ndiyo.

Dada yako

15 Julai

Dada, shikamoo.

Hukukosea. Ofisi niliiacha mwezi wa tatu, au iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Mkuu alitaka namba moja ya kimo cha maji, aiweke kwenye taarifa ya daraja. Kumbukumbu za mto tulizonazo ni fupi na zina mashimo, miaka mingine mpimaji alikuwa mgonjwa na hakuna aliyeandika. Nikampa namba mbili, ya chini na ya juu, nikamwambia jengeni kwa ile ya juu. Akaniambia, "Umeajiriwa kukadiria, hukuajiriwa kusitasita." Nikasema kusitasita huko ndiko makadirio. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Sasa nafundisha hesabu jioni kwa wauza duka, nakaa chumba kimoja na fundi viatu. Nalala vizuri. Sikukuambia kwa sababu mama huwaambia majirani kuhusu ofisi yangu, na kwa sababu nilikuwa nakufundisha kusema "sijui" huku mimi mwenyewe nashindwa kusema "sina kazi".

Sasa huyu mtu. Baada ya dirisha, nilishusha ile ya juu kutoka nane mpaka tatu. Hii ya daktari imenivuruga. Nimejaribu kuiweka upande huu, nimejaribu upande ule. Mtu mwovu angekimbia, na kaka wa kweli angekumbuka dirisha. Pengine tumekosea swali, dada. Mimi na wewe tumekuwa tukipima mambo mawili tu, ndiye au tapeli, kana kwamba hakuna la tatu. Ukisahau kuliweka jambo mezani, hata hesabu iliyo sawa haitalipata.

La tatu ni lipi sijui. Lakini ningechukua dau hili bila kusita: mwache ampeleke mama hospitali, na wewe uwe umesimama mlangoni.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anaona. Nianze na hilo ili usisome haya mengine kwa haraka.

Siku ya kwanza ilikwenda sawa. Alitolewa chumba cha upasuaji jicho likiwa limefunikwa, analalamika kwamba muuguzi ana mikono baridi. Tukaambiwa bandeji itafunguliwa kesho asubuhi, na mpaka hapo asiiname, asikohoe, na zaidi ya yote asilie. Yule mtu aliniita kwenye korido, pale kwenye benchi la mbao karibu na bomba la kunawia.

"Dada," akasema, "kabla hajafunguliwa kuna neno."

"Sema."

"Mimi siye."

Nikamwuliza kama ananiona mjinga, hilo nalijua tangu dirisha. Akatikisa kichwa. "Nyuki amefariki. Mwaka jana. Kifua, lile vumbi la mawe. Tulilala wodi moja, kitanda na kitanda. Aliniomba nikipona nije nimwambie mama yake, nisimwandikie, nimwambie kwa mdomo. Nilipiga hodi maneno yakiwa hapa." Akagusa meno yake. "Mama akafungua, akanishika koti, akasema umekuja."

"Ungesema."

"Nilitaka kusema. Akaniomba nikae. Kesho yake nikasema leo nitamwambia, akaomba maji. Kila siku kulikuwa na maji."

"Na macho? Mbona ulihangaika aone?"

"Mdomo umenishinda, dada. Nikasema basi macho yake yatafanya kazi ambayo mimi nimeshindwa."

Nilimpiga. Si kofi, mkoba, na ndani yake kulikuwa na chupa ya maji. Alisimama tu akapigwa. Watu waligeuka. Kisha nikakaa kwenye lile benchi nikamlilia Nyuki kwa kubana pua na mdomo, kwa sababu mama alikuwa nyuma ya ukuta na hakupaswa kusikia mtu akilia. Hapo ndipo nilipoona tulivyokwama. Nikimwambia mama usiku ule, analia, jicho linaharibika. Nisipomwambia, ataliona mwenyewe. Yule mtu akainuka kama anayetaka kuondoka, nikamkamata kola. "Utasimama pale," nikamwambia. "Ukipotea leo, atakutafuta wewe na atamtafuta Nyuki mpaka anakufa."

Asubuhi daktari akafungua. Mama akapepesa jicho. Akaniona mimi kwanza, akasema nimezeeka. Kisha akamtazama yeye. Akatazama tena.

"Sogea dirishani," akasema.

Akasogea.

"Wewe nani?"

"Rafiki yake, mama."

"Rafiki wa nani?" Alikuwa ameshajua, mdogo wangu, sauti ilikuwa imeshabadilika. Lakini alitaka jina litamkwe.

"Wa Nyuki."

"Yuko wapi?"

Mtu yule akapiga magoti hapo hapo kwenye sakafu ya wodi. Mama hakulia. Sijui kama ni kwa ajili ya jicho. Aligeuza uso polepole kama alivyoagizwa na daktari, akanitazama mimi. "Na wewe," akasema, "uliniambia ndiye."

Uliniandikia kwamba nitapoteza iwe iwavyo. Nilidhani ni hesabu tu.

Nyumbani hakusema na mtu yeyote kati yetu. Alikula alichopewa, akatazama ukuta, akatazama mikono yake. Mjomba alikuja mbio na goti lake, mlangoni tu akaanza, "Si nilisema?" Mama akamjibu, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu hospitali: "Ulisema tapeli. Na wewe ulikosea. Kaa."

Kisha, alasiri moja, akamwita yule mtu akae mbele yake, akamwambia asimulie. Alisimulia mpaka kivuli cha nyumba ya jirani kikaingia sebuleni. Namna Nyuki alivyoimba akivuta kamba. Barua alizoanza kuandika akazichana, kwa kuwa kila mwaka aliona aibu imekuwa kubwa kuliko mwaka uliopita. Alivyoongea juu ya Kijiko. Ndiyo, huyu mtu alikuwa anajua jina hilo muda wote. Nilimuuliza mbona hakuwahi kuniita. Akasema, "Lilikuwa lake. Niliona nimeshachukua mengi."

Mama akauliza swali moja tu. "Nani alimfumba macho?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono upi?"

Akainua ule wenye vidole viwili. Mama akauchukua, akaushika kwa mikono yake yote miwili, chai ikapoa, mimi nikaondoka nikaenda kusimama jikoni. Niliporudi bado alikuwa ameushika.

"Na wewe," mama akamuuliza, "mama yako anajua uko wapi?"

Akaanza kukunja mkono wa koti lake.

"Yuko hai?"

"Nadhani."

"Unadhani." Mama akauachia mkono. "Umekaa kwangu tangu mwezi wa kwanza unaniosha miguu, na wako unadhani. Ondoka. Sikufukuzi. Nakwambia ondoka, nenda kamwambie."

Aliondoka kesho yake. Mama alisimama mlangoni. Alimtazama tu kwa lile jicho jipya mpaka akakata kona, kisha akanitazama mimi, na hakulitaja jina lako. Ningependa angelitaja.

Kuhusu kazi yako sijamwambia. Hilo ni lako.

Dada yako

13 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimemlilia kaka nisiyemkumbuka sura. Fundi viatu alitoka mapema, akaniachia chumba.

Wanafunzi wangu nimewaaga. Ninakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, na usitafute humo ya chini wala ya juu. Begi ni moja. Kazi sina, na hilo nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake. Lakini kuja kwangu mwambie wewe, mapema, kwa jina langu kamili. Nataka nikipiga hodi awe anajua ni nani.

Mwambie sasa hivi, kabla hujakunja karatasi hii.

Mdogo wako